Kuwakaribisha Vipepeo Nyumbani: Anza na Mlimau

Wengi wanaotaka vipepeo nyumbani hukimbilia kupanda maua, na maua yakichanua vipepeo huja kweli, wakanyonya mbochi, kisha wakaenda zao. Kipepeo huzoea mahali anapopata pa kutaga, na jike ni mchaguzi mno: hutaga juu ya mmea ambao viwavi wake wataweza kuula, na akiukosa huondoka hata kama bustani imejaa rangi. Wakulima wa Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanaijua kanuni hii vizuri, kwani tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo) ng'ambo, na kazi yao hutegemea kwanza majani ya kuwalisha.

Kwa mwenye ua mdogo hapa pwani, ningeshauri aanze na mti ambao huenda tayari anao, yaani mlimau au mndimu. Huo ndio mti wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, anayeitwa kitaalamu Papilio demodocus. Jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga. Kiwavi mchanga huwa wa kahawia na weupe, mfano wa kinyesi cha ndege, na kufanana huko humwokoa asidonolewe. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, ambazo hazimdhuru mtu. Mche mmoja ndani ya debe unatosha, mradi upate jua la kutosha. Ukiona viwavi wanakaribia kuumaliza, kata kijitawi walichoshikamana nacho ukakifunge kwenye mti mkubwa wa jamii hiyohiyo, ambao hautadhurika kwa kupoteza majani machache.

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimeyaona mara nyingi: mtu anatamani vipepeo, lakini akiona tundu kwenye jani anachukua bomba la dawa. Dawa ya wadudu haichagui. Anayepulizia mlimau wake amewaua vipepeo wa mwezi ujao.

Mmea wa pili hauhitaji hata kupandwa. Mwingajini, wenye maua ya manjano, hujiotea kando ya njia na kwenye viwanja vilivyoachwa, na kwa kawaida hung'olewa kama gugu. Acha mashina mawili matatu kwenye kona ya ua, mbali na mbuzi kwa kuwa mbegu zake ni sumu kwa mifugo, na vipepeo weupe wenye umanjano watakuja kutaga.

Baada ya hapo ndipo maua yana maana. Pentasi ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki, zinia huota kwa urahisi kutokana na mbegu, na mrehani ukiuacha uchanue huvutia vipepeo na nyuki pamoja. Yapande kwa mafungu mahali penye jua la asubuhi, kwani kipepeo huhitaji kuota jua kabla ya kuruka. Lantana usiipande, ijapokuwa vipepeo wanaipenda, kwa sababu huvamia mashamba na malisho. Sahani ya mchanga wenye unyevu itawavuta madume wanaotafuta chumvi, na ndizi zilizoiva kupita kiasi zitawaleta wale wa msituni wasiojali maua.

Kiwavi aliyeshiba hutafuta kijiti au ukuta akajishikiza hapo kama pupa, kwa hiyo usipogoe matawi bila kuyakagua. Siku pupa inapopasuka, kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana, akaning'inia mpaka yanyooke na kukauka. Asiguswe wakati huo, maana bawa likipinda kabla ya kukauka halinyooki tena.