Mtu akisema anataka kujiua: cha kufanya leo na miezi inayofuata

Muulize wazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Ukizungukazunguka, kwa mfano "Huna mawazo mabaya, sivyo?", atakupa jibu unalotaka kusikia.

Akikubali, endelea kwa utulivu: ana mpango? Amekusudia lini? Njia ya kutumia anayo tayari? Amewahi kujaribu? Mwenye mpango na njia haachwi peke yake hata kidogo mpaka umkabidhi kwa mtaalamu ana kwa ana. Barua ya rufaa peke yake haitoshi. Wala usimwahidi siri, maana utalazimika kuivunja.

Dawa, sumu za shambani na silaha zitoke nyumbani. Kuzificha humohumo hakusaidii, kwani mwenyeji anajua kila pembe. Wimbi la kutaka kufa huwa kali lakini mara nyingi hupita, na umbali humpa muda wa kulivuka.

Akitulia, andikeni pamoja mpango wa usalama, kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba hali inarudi, anachoweza kufanya akiwa peke yake, mahali na watu wa kumwondoa mawazoni, watu anaoweza kuwaambia ukweli wa hali yake, mtaalamu wa kumpigia, na nani anatunza vile vilivyoondolewa. "Nitaongea na watu" ni maneno matupu. "Nitampigia dada, asipopokea, shangazi" ndiyo mpango. Karatasi abaki nayo yeye.

Vituo vingi vya afya hulegea baada ya hapo, wakati siku za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kubwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 5, uliochapishwa 2008, ulitumia ratiba rahisi kwa waliowahi kujaribu: mazungumzo ya saa 1 kabla ya kuruhusiwa, kisha simu au ziara wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, na mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Vifo vya kujiua vilikuwa vichache kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida.

Ratiba hiyo huvunjika kwa jambo dogo: simu imezimwa na namba ilikuwa moja tu. Chukua namba 2 za watu aliowakubali, uliza saa ambayo anaweza kuongea faraghani, na kila jina kwenye daftari la wanaofuatiliwa liwe na mhudumu mmoja anayewajibika. Mhudumu huyo akienda likizo, aandikwe wa kumshikia zamu.