Kurudishia mipira ya tenisi mdundo kwa bomba la HDPE na pampu ya pikipiki

Juzi nilikaa kwenye simu karibu saa nzima na mwalimu mwenzangu. Yeye anafundisha watoto tenisi Moshi, mimi niko Arusha. Alikuwa amenunua vifaa vyote nilivyomtajia vya kutengeneza kopo la presha, yaani bomba la kurudishia upepo mipira iliyochoka, kafunga, kajaza upepo vizuri, asubuhi akakuta geji imeshuka. "Mwalimu, kopo lako linavuja!" Nikamuuliza maswali manne, na mwisho tukagundua halivuji hata kidogo. Mimi mwenyewe nilishapoteza wikiendi mbili kwa kosa hilohilo, kwa hiyo nayaandika yote hapa, na sehemu hiyo nitaivuta kuliko nyingine.

Kwanza ujue mpira unakufaje. Ndani yake kuna upepo unaozidi presha ya nje kwa psi 12 hadi 14 hivi (psi ni kipimo cha presha, kilekile cha kujazia matairi). Raba inaonekana imeziba kabisa, lakini inapitisha upepo polepole mno, hata mpira ukiwa umelala tu kwenye begi. Ndiyo maana kopo jipya ukilifungua linapiga "tsss": kiwandani wamelijaza presha inayolingana na ya ndani ya mpira, upepo usiwe na pa kukimbilia. Wachezaji wakubwa wanabadilishiwa mipira baada ya gemu 7 za kwanza, halafu kila baada ya gemu 9. Kwetu watoto kumi na wawili wanatumia mipira ileile muhula mzima.

Dawa yake ni kuigeuza safari hiyo. Weka mpira mahali ambapo presha ya nje inazidi ya ndani, na upepo utarudi ndani kupitia raba ileile uliyotokea. Hakuna sindano, hakuna kutoboa mpira.

Hatua ya 1: Chagua mipira inayostahili

Mpira wenye ufa, tupa. Mpira uliokwisha manyoya, tupa au wape watoto wachezee ukutani. Utadunda, lakini utateleza kwenye raketi na kukimbia hovyo. Mipira ile iliyotengenezwa bila presha ndani haihitaji shughuli hii. Mipira iliyolowa ianike kivulini kwanza.

Hatua ya 2: Vifaa

Nenda dukani na mpira wa tenisi mfukoni. Nasema kweli. Kipenyo cha mpira ni sentimita 6.54 hadi 6.86, na bomba linaloitwa la milimita 75 limepimwa kwa nje. Ukitoa unene wa ukuta, mpira hauingii au unakwama katikati. Chukua la milimita 90. Jaribu mpira dukani kwenye kila kipande utakachonunua, muuzaji acha acheke.

Unachohitaji:

- Bomba jeusi la HDPE (plastiki laini ya mabomba ya maji) la milimita 90, PN10 (kiwango cha presha, naeleza hapo chini), urefu wa nusu mita. Linabeba mipira saba.
- Kofia moja ya kubana ya milimita 90, ile mafundi wanaiita endikepu, yenye nati kubwa na oringi (pete ya raba ya kuzibia) ndani.
- Adapta ya kubana ya 90 yenye threadi ya inchi 3 upande wa pili, pamoja na kofia yake ya threadi. Huu ndio mlango.
- Valvu ya chuma ya tubeless (tairi lisilo na tyubu), yenye nati na raba mbili. Usichukue ile ya raba tupu inayochomekwa kwenye rimu, kofia ya plastiki ni nene mno kwake.
- Kipande cha tyubu ya gari iliyokufa.
- Pampu ya mkono au ya mguu yenye geji.

Utawaona watu wengi wakitengeneza kifaa hiki kwa bomba la PVC la gundi. Mimi silitaki, na kama unafundisha watoto nakuomba nawe usilitake. PVC ni ngumu lakini hainyumbuki. Likipasuka likiwa na maji utalowa tu, likipasuka likiwa na upepo linarusha vipande kama chupa. Lile la maji taka ndilo baya zaidi, halikutengenezwa kwa presha yoyote. HDPE ni laini, hata ikishindwa inatanuka na kuchanika badala ya kusambaratika. PN10 maana yake ni bar 10, kama psi 145, na sisi hatuvuki 30.

Kuhusu pampu: baiskeli zetu nyingi zina valvu ya kizamani, na pampu yake haishiki valvu ya gari. Omba pampu ya pikipiki. Kompresa ya gereji sikushauri. Inajaza kwa kishindo, na kwa chombo kidogo hivi, kufumba na kufumbua umeshavuka kipimo.

Hatua ya 3: Kata na ufunge

Kata bomba kwa msumeno wa chuma, likae sawa. Lainisha ukingo wa nje kwa msasa hadi uwe na mteremko kidogo, la sivyo utaikata oringi wakati wa kusukuma. Paka maji ya sabuni, kamwe si oili, oili inakula raba. Kaza nati kwa spana ya mnyororo. Mkono peke yake hautoshi kwa saizi hii.

Hatua ya 4: Valvu (hapa ndipo pa kuwa makini)

Valvu inakaa kwenye endikepu, upande ambao hutaufungua tena. Usitoboe ukuta wa bomba. Ukuta umepinda, na raba bapa haikai juu ya kitu kilichopinda.

Tundu la valvu hizi ni milimita 11.5. Biti ya 11.5 sijawahi kuiona kwenye duka la mtaani kwetu, zipo za 11 na 12. Tumia ya 11, kisha panua kidogo kidogo kwa tupa ya duara huku ukijaribu valvu. Ukianza na 12 unaweza kuponea, ila raba itakuwa na kazi kubwa zaidi.

Sasa sikiliza. Endikepu hizi zinamiminwa kiwandani, na mahali plastiki ilipoingilia panabaki chunusi ndogo, mara nyingi katikati kabisa, palepale unapotaka kutoboa. Drili inaondoa katikati ya chunusi na kuacha ukingo wake umezunguka tundu. Kwa macho huuoni. Pitisha kucha, utausikia. Juu yake mara nyingine kuna maandishi yaliyoinuka, saizi na PN. Raba ya valvu ikikalia vitu hivyo, upepo unapita chini yake kama mchwa chini ya mlango.

Mimi nilibadilisha valvu mbili, nikazungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikapaka gundi ya silikoni, nikasubiri siku nzima ikauke, bado povu. Tepu haisaidii hapa kwa sababu kinachoziba ni raba iliyobanwa, threadi haina kazi yoyote. Silikoni nayo haishiki plastiki ya aina hii. Inabanduka kama ukoko. Kilichomaliza ni dakika tano za msasa: namba 120 kisha 240, ndani na nje, hadi sehemu yenye upana wa sarafu kubwa iwe bapa na laini. Raba moja ndani, moja nje, juu yake washa (kile kisahani cha chuma chenye tundu), halafu nati, kaza hadi raba ianze kuvimba pembeni kidogo, basi. Ukizidisha inajikunja na kutoka.

Fanya kazi hii kabla ya kufunga endikepu kwenye bomba. Najua nimeandika baada ya hatua ya 3. Na mimi ndivyo nilivyofanya, ikabidi nifungue tena.

Hatua ya 5: Mlango

Kata duara la tyubu la kutosha ndani ya kofia ya threadi, libanwe na mdomo wa adapta. Ingiza mipira, funga kwa mkono kwa nguvu.

Hatua ya 6: Jaza, kisha usiharakishe kusema linavuja

Jaza hadi psi 10 kwanza. Paka povu zito la sabuni kwenye valvu, nati zote na mlango, halafu angalia dakika mbili bila kuongea na mtu. Vipovu vinavyokua vimejipanga ni uvujaji. Vipovu vilivyotulia ni sabuni tu. Kukiwa shwari, panda hadi 30.

Baada ya hapo presha itashuka. Itashuka hata kama chombo kimeziba kama jiwe, na sababu ni hizi.

Ya kwanza, mipira inabonyea. Presha ya nje ikizidi ya ndani, mipira laini inasinyaa kidogo, nafasi ya upepo inaongezeka, geji inarudi nyuma ndani ya nusu saa ya kwanza. Ongeza upepo, utatulia.

Ya pili ni geji yenyewe. Ndani ya bomba hili, ukishatoa nafasi iliyokaliwa na mipira saba, umebakiwa na pungufu ya lita moja na nusu. Kila unapochomeka na kuchomoa pampu, ile "pss" inaondoka na presha yako. Gurudumu la gari halijali. Bomba hili linajali. Rafiki yangu wa Moshi alikuwa amepima mara sita usiku ule, kwa wasiwasi, na kila kipimo kilimpa sababu ya kupima tena.

Ya tatu ni baridi. Umejaza 30 saa tisa alasiri kukiwa na nyuzi 28, ukapima alfajiri kukiwa na 14: bila tundu lolote utasoma kama 28. Nilipoteza wikiendi yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa nikijaza jioni baada ya mazoezi, napima asubuhi kabla ya watoto kuja, nakuta imeshuka, nafungua kila kitu, nafunga upya, najaza jua likiwa kali. Pima saa ileile kila siku.

Ya nne ndiyo tunayoitaka: mipira inakunywa. Upepo unaotoka kwenye bomba unaingia ndani ya mpira, hakuna mwujiza hapo. Kwa mipira saba iliyochoka sana, 30 inaweza kuteremka hadi karibu 22 kwa wiki kadhaa kisha isimame. Ikishuka haraka mwanzoni na kupunguza mwendo kila siku, furahi. Ikishuka kwa mwendo uleule hadi sifuri, rudi kwenye povu.

Kuna ya tano kwa wanaosafiri. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa psi 2 na kitu. Geji inasoma tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo ukishuka pwani na bomba lako, linasoma pungufu bila kupoteza chochote. Kwa sababu hiyohiyo kopo la kawaida likifunguliwa huku mipira inaruka kama chura. Shirikisho la tenisi la kimataifa lina kundi la mipira ya nyanda za juu, kwa mahali palipozidi mita 1,219.

Hatua ya 7: Subiri

Mpira uliolegea kidogo, siku nne au tano. Uliokufa kabisa, wiki mbili, na uongeze upepo kila siku ya tatu. Usijaribu kufupisha kwa psi 60. Raba ina mwendo wake, na ukiusahau mpira humo utatoka mgumu kama jiwe. Kiwiko cha mtoto kitalipa.

Kivulini tu. Usiache bomba kwenye gari lililofungwa juani.

Hatua ya 8: Kufungua

Toa upepo WOTE kwa kubonyeza kisindano cha valvu kwa ncha ya msumari, polepole, hadi kimya. Chomeka geji uone sifuri. Ndipo uguse kofia. Kwenye kofia ya inchi 3, psi 30 zinasukuma kwa uzito wa zaidi ya kilo 90. Ikifyatuka usoni hutasimulia.

Hatua ya 9: Pima mdundo

Kipimo rasmi ni kudondosha mpira kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ya zege. Urudi 135 hadi 147. Ule wa nyanda za juu, kwa kipimo hichohicho cha maabara, unatakiwa urudi 122 hadi 135. Mimi sina ngazi uwanjani. Nadondosha mpira mpya na wa bomba pamoja kutoka usawa wa bega, mtoto mmoja anachuchumaa pembeni na kusema upi umeshinda. Wanagombania kazi hiyo.

Uliofufuliwa utaanza kupoteza tena, haraka kuliko mpya. Baada ya kila mazoezi urudishe bombani kwa psi 14, hiyo inatosha kuutunza. Na kila mpira ukitoka kwenye psi 30 uchore mstari kwa kalamu ya wino, ujue umeshapita mara ngapi. Ninao mmoja wenye mistari mitano, manyoya yamebaki upande mmoja. Unadunda vizuri sana na hauendi unakopigwa. Nimempa mbwa wa jirani.