Godot kwenye laptopu ya mtumba: chagua Compatibility, kisha panga taa zako

Unapofungua mradi mpya, Godot 4, programu ya kutengenezea magemu, inakutaka uchague njia ya kuchora: Forward+, Mobile au Compatibility. Kama uko Kigoma na laptopu ya mtumba, na wachezaji wako wana simu za bei nafuu, chagua Compatibility. Mbili za kwanza zinadai Vulkan, Direct3D 12 au Metal, yaani mifumo mipya ambayo programu hutumia kuzungumza na chipu ya michoro. Compatibility inatosheka na mfumo wa zamani zaidi, OpenGL 3.3, au OpenGL ES 3.0 kwenye simu. Gemu la kuchezwa ndani ya kivinjari nalo linataka hiyo hiyo.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, fungua Display, soma jina la chipu ya michoro. Ukikuta Intel HD 4000, Forward+ isahau: chipu hiyo haina draiva ya Vulkan kwa Windows.

Hatua ya 2. Mradi ukiwa tayari upo, bofya jina la njia kwenye kona ya juu kulia, badilisha, kihariri kijiwashe upya. Kikigoma kufunguka, tumia amri: godot --rendering-method gl_compatibility. Fanya hivi mapema, kwa sababu mwanga uliopangwa kwenye Forward+ hautoki vilevile huku.

Hatua ya 3. Taa, na hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme gemu lako ni la wavuvi wa dagaa usiku, mitumbwi 12 yenye taa juu ya Ziwa Tanganyika, na ziwa ni bamba moja. Maji yatamulikwa na taa 8 tu, maana hicho ndicho kikomo cha OmniLight3D (taa inayomulika pande zote) kwa kila umbo. Max Lights per Object inaweza kuongezwa ukiwasha Advanced Settings, ila simu ndogo italemewa. Afadhali ukate ziwa vipande 16 na kupunguza Range (umbali ambao mwanga wa taa unafika), kila kipande kiguswe na taa za jirani tu.

Zima pia Shadow kwenye taa za mitumbwi, uiachie mbalamwezi peke yake. Kila taa yenye kivuli hulazimisha umbo lichorwe tena.

Hatua ya 4. Ukungu wa alfajiri: Volumetric Fog (ukungu wenye ujazo) haifanyi kazi kwenye Compatibility. Tumia Fog ya kawaida ndani ya Environment.

Hatua ya 5. Endesha gemu kwenye simu yenyewe, si laptopu tu, ukitazama FPS (idadi ya fremu kwa sekunde) kwenye Monitors za Debugger. Ikishuka chini ya 30, punguza vivuli kwanza, halafu idadi ya taa, ndipo uguse picha.