Subaru inavuma? Soma hapa kabla hujanunua difu (somo)

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, kila wiki ya Naivasha ikipita simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Fundi, nikifika themanini gari inalia wuuuu. Ni difu, sivyo?" Sijui. Na aliyekuambia ni difu, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, hajui pia, labda anayo moja ya kuuza. Naandika mara hii moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Maelezo haya ni ya Impreza za turbo za zamani, GC8 na GDA, na Forester za turbo zenye gia za mkono. Otomatiki nitaigusa njiani. Kabla ya yote, elewa kwamba bodi la gari ni ngoma. Beringi ya gurudumu la nyuma kushoto utaisikia katikati, chini ya kiti cha nyuma, palepale difu ilipo. Hapa Nakuru nimeona difu nzima zikifunguliwa kwa kosa la beringi.

1. Toa kila kitu butini, jeki na spana ya magurudumu pia. Endesha. Kelele ikiisha, kwaheri.

2. Pitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, jua tairi hiyo inaweza kuvuma kama beringi iliyokufa. Zihamishe za nyuma ziende mbele, za mbele ziende nyuma, uendeshe tena. Mvumo ukihama, umeokoa pesa.

3. Iulize sauti inafuata nini. Fika 80 kwenye barabara tupu, kanyaga klachi, weka nyutro, acha injini ishuke. Sauti ikishuka na injini, tafuta mbele: injini, belti na puli zake, klachi. Ikibaki na kufifia polepole kadiri gari linavyopunguza mwendo, iko kwenye magurudumu, propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) au difu. Ikiwa inalia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, hapo ndipo nitakubali kusikia neno difu. Au giaboksi.

4. Kwa mwendo huohuo kata usukani kidogo kulia, kisha kushoto. Ukikata kulia uzito unalalia kushoto, kwa hiyo mvumo ukipanda ukikata kulia, shuku beringi ya kushoto. Tafadhali usijaribu Salgaa katikati ya malori.

5. Kuinua gari. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na GDA yenye mvumo wa nyuma, nikainua nyuma peke yake kwa jeki mbili uani kwangu Kiamunyi. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi ili magurudumu ya nyuma yazunguke nisikilize. Yalizunguka vizuri. Mbele yalikuwa chini, yametulia. Nikashuka, nikainama karibu na gurudumu na kipande cha mpira wa maji sikioni. Haikupita dakika mbili, gari likatoka juu ya jeki kama ng'ombe aliyekatiwa kamba. Lilisimama ndani ya banda la kuku. Jeki moja iliruka nikaiona ikipita usawa wa goti langu.

Sababu ni hii. Mwishoni mwa giaboksi ya mkono, upande wa nyuma, kuna difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma, yenye kikombe cha sahani nyingi zilizolowa mafuta mazito ya silikoni. Nyuma ikizunguka na mbele ikiwa imesimama, sahani zinayakoroga yale mafuta, yanapata moto, na yakipata moto sahani hushikana. Zikishikana, nguvu inaenda mbele. Mbele kuna tairi mbili zilizokaa kwenye udongo. Lile banda nililijenga upya.

Kwa hiyo: USIWASHE INJINI NA KUTIA GIA GURUDUMU LOLOTE LIKIWA CHINI. Ukilazimika, yote manne yawe hewani, juu ya stendi si jeki, kwenye saruji, na asiwepo mtu mbele wala nyuma wala chini ya gari.

Mimi siku hizi siwashi kabisa. Naweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nyutro, naachia breki ya mkono, nainua nyuma na kuikalisha juu ya stendi. Mkono mmoja nashika springi ya shoki, vidole viizunguke. Mwingine nazungusha gurudumu. Beringi nzima haisemi kitu. Mbovu utaihisi kwenye springi kama mchanga unaosagwa, hata masikio yasiposikia. Kisha naenda upande wa pili na kulinganisha. Tofauti ya pande mbili ndiyo inayokupa jibu, usiridhike na upande mmoja.

6. Tik-tik-tik ukikata usukani hadi mwisho na kuondoka: jointi ya CV (kiungo cha ekseli ya gurudumu), mara nyingi ya nje. Angalia kama mpira wake umepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu.

7. Mtetemo chini ya kiti, katikati ya gari: propela. Ina vipande viwili na beringi ya kati. Ishike, itikise juu na chini.

8. Mwisho kabisa, oili ya difu. Fungua nati ya kujazia KWANZA, ndipo ya kumwagia, usije ukamwaga halafu ukakuta ya juu imekwama. Shimo la nati ni la mraba wa nusu inchi, raketi yenyewe inaingia bila soketi. Ute mweusi kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vipande vya kukatika kama kucha si kawaida. Inarudi kama lita 0.8 ya oili ya gia iliyoandikwa 75W-90 (unene) na GL-5 (daraja).

Kugonga kuzito kutoka chini ya injini, kunakopanda ukitia mzigo, hakumo kwenye somo hili. Zima, liburutwe. Hakuna cha "nifike nyumbani tu".

Maswali

Turbo_Kondele: Mkuu gari yangu inalia. Shida ni gani?

Jibu: Hatua ya 3.

Turbo_Kondele: Nimesoma lakini sina muda wa hayo yote, niambie tu spea ya kununua.

Jibu: Nunua muda.

MtuWaKakamega: Kwa heshima, fundi wangu amefanya Subaru miaka ishirini na anasema mvumo ukiwa nyuma katikati ni difu, hakuna mjadala. Wewe umejifunza wapi?

Jibu: Kwenye banda la kuku, nimeeleza. Mwambie ashike springi pande zote mbili mbele yako. Akikataa, ni pesa zako si zangu.

MtuWaKakamega: Hata Colin McRae, dereva wa rali, alishinda Safari ya 1997 na Impreza bila kushika springi.

Jibu: McRae alikuwa na helikopta juu ya kichwa na mafundi wakimngoja kila kituo. Wewe una mimi.

DadaWaNjoro: Shikamoo fundi. Yangu ni Forester otomatiki, haivumi. Nikiegesha na kukata usukani wote kwenye lami, inajivuta kama imefungwa breki, halafu inarukaruka kidogo. Kwenye murram haifanyi hivyo. Ni kitu kimoja na haya?

Jibu: Marahaba dada. Swali zuri, na hilo la murram umelitazama vizuri. Si kitu kimoja. Otomatiki yako haina kile kikombe cha silikoni. Ina sahani za klachi nyuma ya giaboksi, kompyuta ndiyo inayozibana na kuziachia. Zikikataa kuachia, mbele na nyuma vinalazimika kuzunguka sawa, na kwenye kona haviwezi. Kwenye murram tairi zinateleza kidogo, ndiyo maana huhisi. Anza na tairi: chukua utepe wa fundi cherehani, zungusha juu ya kila tairi katikati kabisa, andika. Zisipitane zaidi ya milimita 6. Zikiwa sawa, tafuta soketi ya fyuzi iliyoandikwa FWD (nguvu kwa magurudumu ya mbele tu) ndani ya boneti, weka fyuzi hapo, ukate kona tena. Ikiacha kujivuta, sahani bado zinaachia, na kubadilisha oili ya giaboksi kunaweza kukusaidia. Isipoacha, kuna kifaa cha kufunguliwa. Fyuzi uitoe baadaye, ni ya kupimia tu.

DadaWaNjoro: Nimepima. Mbele 2,085 na 2,083. Nyuma 2,054 na 2,056. Mbele ni mpya, nilinunua mbili mwezi jana kwa sababu pesa ilitosha mbili.

Jibu: Hapo hapo. Karibu milimita 30. Usiguse giaboksi kwanza. Tafuta mbili zinazolingana na mpya, hata za mtumba, mradi upime kabla hujalipa. Beba utepe wako, wauzaji watakucheka, wacheke.

Boksa_wa_Bungoma: Mimi nimeshahakikisha ni difu kweli, sumaku ilitoka na meno. Nimepata nyingine Kirinyaga Road Nairobi, imetoka kwa Forester. Flenji (bati linalofungwa propela) zinalingana. Nichukue?

Jibu: Asante kwa kufika hatua ya 8 kabla ya kuja hapa. Kulingana kwa flenji hakutoshi, ni lazima uwiano, yaani flenji inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, uwe ule wa difu iliyotoka. Ukitia usio wake, mbele na nyuma vitapigana kila mita na kikombe cha kati kitaungua. Hesabu hapohapo dukani: tia alama ya chaki kwenye flenji ya mbele na kwenye matokeo ya pembeni, yale yanayoshika ekseli. Zungusha matokeo yote mawili pamoja mara 9. Flenji ikizunguka mara 37, ni 4.11. Ikizunguka 40, ni 4.44. Kwa 3.90, zungusha mara 10 upate 39. Linganisha na difu yako ya zamani, usilinganishe na giaboksi: giaboksi nyingine zina gia ya kupitisha nguvu nyuma, na utakuta mbele 3.90, nyuma 3.54, na gari liko sawa kabisa.

Boksa_wa_Bungoma: Kwa hiyo ni meno tu, 37 kwa 9?

Jibu: Ni meno tu. Hakuna uchawi.

Mzee_wa_Lanet: Niongeze moja kijana wangu. Wenye otomatiki, mkimwaga oili ya injini angalieni sana. Difu ya mbele ina oili yake na dipstiki yake. Mmoja hapa mtaani alimwagiwa ya difu, kisha akajaziwa injini juu ya ile iliyokuwemo. Akaondoka na injini iliyofurika na difu kavu.

Jibu: Asante mzee. Mvumo wa namna hiyo unaanza baada ya kilomita chache, tena mbele. Wasome hapo.

Turbo_Kondele: Basi nimefanya hatua ya 3 na 4. Si mvumo, ni kama mluzi wa chuma, kiiii, mwendo wowote, klachi haibadilishi kitu. Ilianza jana nikitoka Mau Narok.

Jibu: Sasa tunaongea. Mau Narok ulipita murram?

Turbo_Kondele: Ndio, ile inakarabatiwa.

Jibu: Kuna kijiwe kati ya diski ya breki na lile bati jembamba nyuma yake. Rudi nyuma mita kumi huku umekata usukani. Kisipoanguka, toa gurudumu, vuta bati kidogo kwa bisibisi. Diski ikiwa bado ya moto usiguse.

Turbo_Kondele: Kimetoka. Ukubwa wa punje ya mahindi. Na nilikuwa nimeshaitisha bei ya habu.

Jibu: Ghairi.

Turbo_Kondele: Nimeghairi. Mkuu, na ile tik ya asubuhi injini ikiwa baridi?

Jibu: Ikiisha injini ikipata joto? Fungua swali lingine, nile kwanza.