Spinaka ikiwa juu na upepo ukapiga, shuka usipande

Kwa mnaoanza kutumia spinaka (tanga kubwa jepesi la mbele) za kisasa kwenye katamarani (boti za maganda mawili) za mashindano kama Formula 18 au Nacra 17. Kupanda ni kugeuza boti kuelekea upepo unakotoka, kushuka ni kuigeuza mbali nako. Usiende na upepo moja kwa moja mgongoni, spidi itapotea tu, hizi boti zinajitengenezea upepo wake, so panda kidogo kwanza mpaka spidi ije na upepo unaousikia usogee mbele, alafu ndo ushuke taratibu bila kuiua ile spidi.

Mshika kamba ya spinaka aiachie mpaka ukingo wa mbele wa spinaka uanze kujikunja pale juu, avute kidogo, aachie tena, macho hayatoki hapo hata dakika (shingo itauma, ndo kazi yenyewe). Kama haujikunji kabisa basi mmebana sana.

Upepo mkali ukipiga ghafla na boti ikanyanyuka upande mmoja, zungusha usukani ushuke, manake ukipanda hapo unajipindua mwenyewe. Na kamba ya tanga kuu usiiachie yote hata ukiogopa, hii wengi hawaijui, ndo inashikilia mlingoti kwa nyuma wakati spinaka inauvuta mbele, ukiilegeza mlingoti unaweza kukatika.

Uzito nyuma, wote wawili, hasa omo (pua za boti) zikianza kuchimba maji.

Kuteremsha spinaka: shuka kwanza ijifiche nyuma ya tanga kuu, ndo muivute haraka irudi kwenye mfuko wake.