Kabla hujatandika zulia jipya, angalia sakafu

Pima chumba mwenyewe, vishubaka na kizingiti cha mlango vikiwemo. Usiagize kwa kukisia. Mazulia mengi ya rola yana upana wa mita 4. Chumba kikizidi hapo lazima kuwe na kiungo, basi mwambie fundi akiweke mbali na mlango na manyoya yote yalale upande mmoja. Mlango uteremshwe urandwe chini mapema. Kabati litoke, hata kama ni zito.

Sasa sakafu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mamangu mdogo anakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa. Alipopokea fungu lake la upatu akatandika zulia ukuta kwa ukuta, sponji chini, wiki ya mwisho ya Ramadhani ili Idd imkute chumba kimependeza. Masika yakashuka. Kufika Juni ukifungua mlango unapokewa na uvundo, wakamsingizia paka. Mjukuu akawa anakohoa usiku kucha. Tulipofunua pembeni, sponji imekuwa nyeusi na inamong'onyoka kama mkate uliolowa chai, na chini ya ukuta chumvi imetoka nyeupe. Likatupwa lote.

Nyumba zile za zamani hazikutiwa nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unapita kwenye mawe na chokaa, ukifika juu unatoka na hewa. Ukishaufunika kwa sponji na zulia hauna pa kwenda.

Kwa hiyo kata nailoni nzito, kama nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pana kingo zote, uiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekoza rangi, usitandike. Na ujaribu wakati wa mvua, kwa sababu kwenye jua la kaskazi sakafu inakudanganya. Saruji mpya nayo isikupumbaze: zile siku 28 wanazotaja mafundi ni za saruji kukomaa, yaani kupata nguvu, si za kukauka. Sakafu ikishindwa jaribio hilo, weka mkeka au busati dogo, kitu utakachoweza kukiinua na kukianika.

Mengine ni madogo. Gundi inanuka, kwa hiyo fungua madirisha na watoto walale kwa bibi yao usiku huo. Vipande vilivyobaki usimwachie fundi, vitakufaa pakiungua. Pesa yote usitoe kabla kazi haijaisha. Na mvua ikianza, inua kona moja uchungulie.