Namna ya Kumpata Mkufunzi Anayefaa katika Biashara ya Masoko ya Fedha

Kabla ya kumtafuta mkufunzi, amua kwanza ni soko lipi unalotaka kujifunza na una saa ngapi kwa siku za kulifuatilia, kwa kuwa mtu aliyezoea kununua hisa na kukaa nazo miaka mingi hawezi kukufundisha ipasavyo kununua na kuuza fedha za kigeni ndani ya saa moja, hata awe amefanikiwa namna gani. Aliyeajiriwa kutwa asijifunge kwa mkufunzi ambaye mbinu yake inamlazimu mtu kukodolea macho chati tangu asubuhi.

Ukishampata unayemfikiria, muulize kipato chake kinatoka wapi. Swali hili nalipa uzito kuliko mengine yote. Wapo wakufunzi wanaolipwa kamisheni na dalali, yaani kampuni inayomwezesha mtu kununua na kuuza sokoni, kwa kila mwanafunzi anayefungua akaunti kupitia kwao, na mara nyingi malipo hayo huongezeka kadiri mwanafunzi anavyofanya miamala mingi, hata kama miamala hiyo inamletea hasara. Mkufunzi wa aina hiyo huenda ana ujuzi wa kweli, lakini ushauri wake wa kukutaka uingie sokoni kila siku utaupokea kwa tahadhari. Kutoza ada ya mafunzo si tatizo, ilimradi aseme wazi.

Kisha omba kumbukumbu za miamala yake. Picha ya faida iliyopigwa kwenye simu haithibitishi lolote, kwani yaweza kuwa ya akaunti ya majaribio isiyo na fedha halisi, au ya siku moja njema iliyochaguliwa kati ya nyingi mbaya. Taarifa ya dalali ya mwaka mzima au zaidi inafaa; programu za kununulia na kuuzia sokoni kama MetaTrader pia zina nenosiri la kutazama tu, ambalo humwezesha mtu kuona historia ya akaunti bila kuigusa. Unapoisoma, tafuta kwanza mtaji ulishuka kwa kiasi gani ulipokuwa katika hali mbaya kabisa, kwa sababu aliyepoteza asilimia 50 anahitaji faida ya asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Ukiona anaongeza ukubwa wa muamala kila baada ya hasara, achana naye.

Achana vilevile na anayekuahidi faida ya uhakika. Mwaka 2018, mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya dhamana ilieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wawekezaji wadogo katika mikataba ya tofauti ya bei (CFD), ambamo mtu hubashiri bei itapanda au itashuka bila kumiliki mali yenyewe, hupata hasara. Wala usimkabidhi mkufunzi fedha zako akufanyie biashara. Hiyo ni kazi nyingine, inayohitaji leseni.

Richard Dennis, mfanyabiashara maarufu wa masoko wa Chicago, katika miaka ya 1980, aliwafundisha wanafunzi wake kanuni bayana za kuingia, kutoka na kupima ukubwa wa kila muamala, kisha akawapa mtaji wake mwenyewe waufanyie biashara. Huwezi kutarajia mtaji, lakini kanuni zilizoandikwa ni haki yako kuzidai.

Anza kwa makubaliano ya mwezi mmoja. Mpelekee miamala yako michache pamoja na sababu za kila mmoja, ukiwemo ule uliokutia hasara, na usikilize kama anakuuliza kwanza ulihatarisha kiasi gani au ulipata kiasi gani; anayeanza na hatari ndiye wa kuendelea naye.